Nikikosa Habari Mbaya, Sina cha Kumtumia Ndugu Yangu

Mpendwa mshauri, kabla hujanicheka naomba unisome mpaka mwisho, maana wote niliojaribu kuwaeleza jambo hili walianza kucheka nikiwa bado katikati, na mimi nikacheka nao ili nisionekane mtu wa ajabu, kisha nikarudi chumbani kwangu na jambo langu likiwa vile vile.

Mimi ni dobi, mwanamume wa makamo, chumba cha kazi kiko mbele na chumba cha kulala kiko nyuma, katikati kuna pazia tu, kwa hiyo kutoka kitandani mpaka kazini sihitaji hata kuvaa viatu. Mke wangu alifariki, mtoto hatukujaliwa, wazazi walishatangulia, na tumbo la mama yetu lilitutoa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye anaishi mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima, na kazi yake iko kwenye kiwanda cha vigae, yeye ni mtu wa tanuri tangu ujana wake. Nakueleza haya ili nikisema sina mtu ujue sitii chumvi.

Zamani pale dukani tulikuwa wawili, mimi napiga pasi na mama mmoja mkubwa kwangu kwa umri anakunja, na tulikuwa tunabishana kutwa, yeye anasema mashati yakunjwe mikono nyuma, mimi nasema mbele, yeye anasema maji yangu ya wanga ni mazito kama uji, mimi namwambia basi anywe, na hivyo ndivyo siku zilivyokuwa zinakwisha. Binti yake akajifungua, akamwita akalee mjukuu, akaenda, na ni haki yake kwenda. Lakini chumba kilinyamaza mpaka nikawa nasikia pasi inavyopumua, na nguo za watu zimetundikwa pande zote, mashati na magauni na sare, maumbo ya watu tele na mtu hakuna. Nikanunua redio.

Redio haikosi la kusema, mshauri. Mwanzoni nilikuwa nasikiliza taarifa ya asubuhi tu, nikaongeza ya mchana kwa sababu ya asubuhi iliishia njiani, nikaongeza ya jioni kwa sababu ya mchana walisema tutawaletea zaidi, halafu nikaweka televisheni juu ya kabati, halafu mteja mmoja akanifundisha kufungulia simu kengele ya habari, kila likitokea jambo duniani inalia mfukoni. Sasa vyote vitatu vinasema jambo lile lile kwa kupishana kidogo, na mimi nimesimama katikati na pasi mkononi nasikiliza nani ana idadi kubwa ya waliokufa. Wateja wamenipa jina, wananiita Taarifa. Zamani walikuwa wanakaa kwenye benchi wananisimulia mambo yao, mtoto kafaulu, shemeji kahama, sasa wanaweka nguo juu ya meza na kuondoka mbio kwa sababu nikianza tu kusimulia simalizi. Mama wa vifungo, jirani yangu wa mlango wa pili anayeuza vifungo na uzi, aliniambia ana kwa ana, "Wewe nakupenda, lakini ukifungua mdomo naona majeneza tu." Nikacheka. Sikuwa na hamu ya kucheka.

Na moyo wangu hauko sawa. Mlango ukipigwa na upepo nashtuka, chakula nakula nimesimama ili nisipitwe, mikono inatetemeka juu ya kola za watu. Juzijuzi seremala mmoja aliniletea koti la suti, mzee wa watu anakwenda kumwoza binti yake, nikawa nalinyoosha vizuri kabisa, redio ikatangaza daraja limeanguka katika nchi ambayo hata ukinipa ramani siwezi kukuonyesha iko wapi, nikasimama wima kusikiliza, na pasi nikaiacha pale pale kifuani pa koti. Harufu ndiyo iliyoniamsha. Alipokuja kulichukua nilimweleza ukweli, nikidhani atanipiga, akaligeuza geuza, akalitazama lile doa la kuungua, akaniangalia, akasema, "Lakini fundi, lile daraja lingeanguka hata wewe ungeendelea kupiga pasi." Akalivaa hivyo hivyo na ua kifuani kuficha doa. Kauli yake ile imenikaa kichwani kuliko matusi yote niliyotukanwa katika kazi hii.

Nikaenda zahanati. Nesi akanipima presha, akatazama kile kipimo, akapima tena, akaniuliza nakula nini na nashindaje, nikamweleza. Akasema, "Punguza chumvi, na habari acha kabisa." Nikamwuliza niache lini, akasema leo. Ungedhani hapo ndipo hadithi inapoishia, mtu amepewa dawa ya bure, aende akazime redio, lakini mshauri, hapo ndipo tatizo langu lilipo, na hili sikumwambia nesi kwa sababu nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu wanaokohoa.

Mimi na mdogo wangu hatuzungumzi. Hatujagombana, usije ukafikiri tumegombana. Baada ya kumzika mama tulikaa, tukagawana vyombo vyake vizuri, tukaagana, na tangu hapo kila tukipigiana simu maneno yanakwisha kabla ya salamu kutulia, u mzima, ni mzima, kazi, tunashukuru, haya basi. Tukawa tunaona haya kupigiana. Halafu ulipokuja msimu wa mvua kubwa, upande wake maji yakajaa, nikamtumia habari niliyoiona kwenye simu, kama kumwuliza, naye akanitumia nyingine, kama kunijibu, na maji yalipokauka mchezo ukabaki. Kila asubuhi ananitumia habari moja, haweki salamu wala neno, habari tu, nami namtumia yangu. Akinitumia ajali ya basi namtumia ya treni. Akinitumia moto wa soko namtumia moto wa msitu. Nikiiona ile yake imeingia najua mdogo wangu ameamka, yu hai, amenikumbuka, na pasi yangu siku hiyo inateleza yenyewe.

Sasa nikiacha habari, namtumia nini? Nikikosa habari mbaya, sina cha kumtumia ndugu yangu. Nilijaribu, usiseme sikujaribu. Asubuhi ile baada ya zahanati sikufungua redio, nikamwandikia, "Umeamkaje, mdogo wangu?" Akajibu upesi kuliko siku zote, "Kaka kuna nini? Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna. Akaniuliza, "Una uhakika?" Nikaona nimemtia hofu bure mtoto wa watu, nikafungua redio haraka, nikamtafutia meli iliyoungua baharini, nikamtumia, akanirudishia ile alama ya dole gumba, na sote wawili tukapumua.

Basi nikarudi kule kule, vyombo vyote vitatu vinawaka. Siku hizi nasoma vichwa vya habari tu, ya ndani nayaacha, maana ni mengi na mimi nina nguo. Na mambo yamezidi kuwa mabaya, kwa sababu mdogo wangu naye nadhani amechoka. Mara ya mwisho alinitumia kitu kidogo tu, sijui alikosa, eti viwanda vya vigae vinazima matanuri, habari yenyewe fupi, haina hata picha, hakuna aliyekufa. Nikaona leo amelegea, ngoja nimchangamshe, nikamtumia tetemeko la ardhi, kubwa, majengo yamelala chini. Alama zikaonyesha amesoma. Hakujibu. Kesho yake hakutuma kitu, na mpaka leo ninapokuandikia ni kimya, na mimi kila asubuhi namtumia kubwa kuliko la jana, vita, mafuriko, ndege, anasoma, hajibu. Nashika simu mpaka inapata joto. Duka limejaa nguo za watu na hakuna hata nguo moja ya mtu wangu.

Swali langu ni hili, naomba usinizungushe. Niendelee kufuatilia habari mpaka nipate moja itakayomfanya anijibu, hata kama presha itaniua, au nimtii nesi, niache, nipone, na nimpoteze ndugu niliyebaki naye? Na kama kuna namna ya tatu nifundishe, mimi si mbishi, ila kwenye mashati.

Ni mimi,
Dobi wanayemwita Taarifa

MSHAURI ANAJIBU

Kaka yangu Taarifa,

Sikukucheka. Nilimcheka mama wa vifungo, hilo sitaficha, lakini nilipofika kwenye vigae nikaweka kalamu chini, nikasoma tena kutoka mwanzo ili nihakikishe kwamba sikukuelewa vibaya. Sikukuelewa vibaya. Hilo nitalirudia. Kwanza nikugombeze, maana nikianza na lile nitakuonea huruma na kugombeza nitashindwa.

Wewe ni mtu mzima. Unashika chuma cha moto kutwa nzima. Umejizungushia redio, televisheni na simu, zote zinapiga kelele kwa pamoja, halafu unashangaa mikono inatetemeka. Ingetetemeka hata ya jiwe. Unajidanganya kwamba unafuatilia habari, lakini umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba ya ndani huyasomi. Basi hufuatilii chochote. Unahesabu misiba ya watu usiowajua na kuwasimulia watu waliokuja kuchukua suruali. Huyo seremala alikuambia la maana kuliko nitakaloweza mimi, na alikuambia huku koti lake likiwa limeungua, kwa hiyo mheshimu.

Sikuambii uwe mtu wa kutojua linaloendelea duniani. Mimi mwenyewe nakula kwa sababu watu wananunua gazeti, na ukurasa wangu huu umebanwa kati ya habari za ajali na matangazo ya magodoro, kwa hiyo mhariri akisoma haya atanuna. Anune. Kujua yanayowapata wenzako ni jambo jema, na mtu anayejifungia na kusema hayanihusu simpendi. Lakini taarifa moja kwa siku inakutosha. Chagua ya jioni, baada ya kuzima pasi na kufunga mlango wa mbele. Isikilize mpaka mwisho, halafu zima. Kama unataka kusoma, soma habari moja yote, ndani na nje, uache vichwa tisa. Hiyo kengele ya simu aliyokufungulia mteja, akija tena mwambie aifunge kabla hujampa nguo zake. Televisheni iondoe juu ya kabati, pale weka kitu kingine, hata chungu cha maua.

Na usisikilize peke yako. Mama wa vifungo ana kiti, nawe una redio. Alishakuambia anakupenda, ingawa aliliweka neno hilo mbele ya majeneza ndiyo maana hukulisikia. Mwombe msikilize taarifa ya jioni pamoja, mlalamike pamoja, kisha mzungumze mengine. Habari mbaya ukiisikia na mtu pembeni inabaki habari tu. Ukiisikia peke yako, na nguo zimetundikwa pande zote, unakwenda kulala nayo. Na wateja wakija, usiwape dunia, waulize shemeji amehamia wapi. Nesi alikuambia uache kabisa, na kwa wiki hizi za kwanza mtii, hiyo taarifa moja ya jioni ije baadaye, kwa sababu yeye ameona kipimo na mimi sijakiona. Rudi kwake akupime tena, na safari hii mweleze yote, foleni wacha ikohoe.

Sasa tuje kwa mdogo wako.

Umeniambia habari za madaraja, meli, treni na misitu. Kuhusu yeye umeniambia jambo moja tu, tena mwanzoni kabisa, kabla hujaanza kuharakisha. Umesema anafanya kazi kwenye kiwanda cha vigae. Umesema ni mtu wa tanuri tangu ujana. Kisha, chini kule, ukaniandikia kwamba habari ya mwisho aliyokutumia ilikuwa ya viwanda vya vigae kuzima matanuri, ukaiita ndogo, ukasema haina picha, ukasema hakuna aliyekufa, ukasema amelegea.

Kaka, alikuwa anakuambia habari zake.

Mimi sikai mji wake na sijui kiwanda chake kiko vipi. Huenda si hicho, huenda ni cha jirani, huenda tanuri lake linawaka mpaka leo. Lakini mtu wa tanuri hamtumii kaka yake habari ya matanuri kuzimwa kwa sababu amekosa ajali ya basi. Alitaka kusema na hakujua aanzie wapi, kwa sababu nyinyi wawili mlishapoteza maneno tangu mlipogawana vyombo vya mama, na mlichobakiza ni hiki kimoja. Akakitumia. Akaweka mambo yake ndani ya kile mnachotumiana kila siku, akasubiri kaka yake aulize, "Hiki ni chako?" Nawe ukamtupia tetemeko la ardhi. Kesho yake ukamwongezea vita.

Sisemi haya ili ukae chini ulie, ingawa ukilia hakuna atakayekuona isipokuwa mashati. Nasema kwa sababu uliponiuliza utume habari kubwa kiasi gani ili akujibu, jibu ni kwamba hakuna. Anazisoma zote. Umeniambia mwenyewe anazisoma. Mtu aliyekuchoka hazifungui. Kila asubuhi anafungua kutazama kama safari hii umeuliza.

Na lile la "Nani amekufa?" lisikutishe. Mmezoeshana kwamba salamu haiji bila msiba, kwa hiyo ukimsalimia lazima ashtuke. Ashtuke mara ya kwanza, ashtuke na ya pili, ya tatu atazoea. Wewe ulikimbia mara ya kwanza tu, ukamkimbilia na meli inayoungua. Safari hii usikimbie. Akikuuliza kuna nini, mjibu, "Hakuna aliyekufa, nimekukumbuka." Yakikwama maneno baada ya hapo, yaache yakwame, mkae kimya kwenye simu, ndugu wa tumbo moja hawalipishani kwa kukaa kimya. Kisha mweleze ulivyoliunguza koti la seremala. Mtu akisikia kaka yake mkubwa naye ameharibu kazi, inakuwa rahisi kwake kusema ya kwake.

Kwa hiyo fanya hivi, tena leo, usingoje taarifa ya jioni. Kunja gazeti hili. Usimwandikie, mpigie. Swali lako la kwanza liwe moja tu, "Tanuri lako limezimwa?" Asipopokea, mpigie tena mchana. Asipopokea na mchana, andika kwenye karatasi kwamba umesafiri, bandika mlangoni, mwachie mama wa vifungo ufunguo na nguo za watu, upande basi la asubuhi. Kutwa nzima si mbali, umeshinda kutwa nyingi zaidi ukisikiliza nchi usizoweza kuonyesha kwenye ramani.

Redio iache dukani. Ukifika, usikae mlangoni ukimweleza dunia ilivyo. Mwambie akuletee shati lake zuri. Kama kiwanda kimefungwa, mdogo wako atazunguka kuomba kazi milango ya watu, naye anahitaji shati lililonyooshwa, na katika dunia nzima hii unayoifuatilia, hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inakusubiri wewe.